Nyonga ya Baba Mkwe

Habari hii nilipewa na Atuganile mwenyewe, masika ya mwaka juzi, tukimenya ndizi za kuwapikia watu waliokuja kuanua matanga kwa kina Mwaseba. Mikono yetu ilikuwa myeusi kwa utomvu, na yeye alikuwa anazungumza bila kuinua macho. Mahali alipochanganyikiwa aliniambia wazi kwamba hapo amechanganyikiwa, nami nimepaacha vivyo hivyo.

Siku yenyewe Atuganile alikuwa nyuma ya jiko, anatwanga karanga za mboga. Mvua ilikuwa imekatika, migomba inadondosha matone, na huko juu kilimani mashine za kuchuma chai zilikuwa zinatambaa mstari kwa mstari, hakuna mtu anayezishika. Mchi ulikuwa hewani maumivu yalipoingia. Yaliingia kwenye nyonga ya kulia kama mtu anayefungua mlango kwa teke, yakashuka pajani, yakalizunguka goti, yakarudi juu kutafuta pa kukaa. Mchi ukamponyoka. Akakaa chini kwenye gogo, akauma pindo la kanga, akavuta pumzi polepole kama alivyofundishwa.

Ndani ya nyumba kubwa, ukuta mmoja tu katikati yao, baba mkwe wake alicheka.

"Mmeona?" Mzee Mwaseba alikuwa anawaambia wageni wake wa kanisani. "Nimezungusha hivi tu. Sasa hivi mkinipigia ngoma naruka."

"Na hayo maumivu yanakwenda wapi, mzee?"

"Yanakwenda kwa Shemeji huyo hapo kwenye rafu." Kikasikika kiganja kinapiga bati. "Anakula tu. Tangu asubuhi anakula, hata ahsante hasemi. Shemeji, umeshiba?"

Wageni wakacheka. Mmoja akauliza kama Shemeji, kwa kula huko kote, hana choo chake. Lilikuwa neno la kuchekesha, na Atuganile kule nje alijikuta anataka kucheka naye, lakini kicheko kilipofika nyongani kiligeuka kikawa kitu kingine, akakimeza.

Shemeji lilikuwa sanduku la betri la pampu ya maji iliyokufa. Taa yake moja ya kijani ilikuwa bado inawaka, na hiyo taa ndiyo iliyomfaa Gwamaka, mume wa Atuganile, alipotafuta kitu cha kumwonyesha baba yake. Maumivu ya mzee hayakuwa yanaingia humo. Yalikuwa yanapita ukutani, yanamwingia mkamwana.

* * *

Mambo yalianza mzee alipoacha kutulizwa na mofini. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mfupa wa nyonga, na ile dawa ya maji aliyokuwa anakunywa kwa kijiko ikawa kama uji tu. Akawa analia mchana kutwa kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeona aibu kulia. Ndipo zahanati ikamtuma Nesi Mwantumu wa tiba shufaa, ile ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa wasiopona. Alikuwa mtu wa Pangani, mwenye maneno yake ya wazi, na alitua kwa kirukio, kile kidege cha zahanati, katikati ya majani ya ng'ombe, mkononi ameshika kikoba chenye vibebeo, mikanda ya kuhamishia maumivu.

Aliwaeleza akiwa amekaa kwenye kigoda. "Maumivu ukiyazima palepale kwa mgonjwa, mwili wake unatengeneza mengine, tena makali zaidi. Lakini ukiyahamishia kwenye mwili mzima, yanafika humo yanatafuta kidonda, hayakioni, yanahangaika, yanachoka, yanakwisha. Basi. Mgonjwa anavaa mkanda mmoja, mbebaji anavaa mwingine, wasiachane zaidi ya ua huu. Mgonjwa anakaa na gurudumu lake. Akizidiwa anazungusha mbele."

"Na mbebaji?" Bi Kisa aliuliza. Huyu ndiye mke wa mzee.

"Mbebaji anabeba, bibi."

Miili haikubaliani ovyo. Nesi aliwabandika kibandiko shingoni mmoja mmoja. Cha Gwamaka, mtoto wa kuzaa, kikawaka chekundu. Cha Bi Kisa, aliyelala na mzee kitanda kimoja tangu usichana wake, kikawaka chekundu. Nesi akauliza nani mwingine yuko nyumbani, akaambiwa yuko mkamwana tu, nyuma ya jiko. Hakuna aliyefikiri kumzuia. Alizunguka nyuma, akambandika Atuganile, kikawaka kijani kibichi kama jani la mgomba.

Hapo ndipo watu walipotazamana. Nyumba ile ilikuwa bado inashika mwiko wa ukwe wa zamani. Atuganile alikuwa hajawahi kumtazama baba mkwe wake usoni tangu aolewe. Hakuwa analitaja jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, yeye aliingia migombani akajifunika mpaka mzee apite. Chakula alipika yeye, akapokea Bi Kisa, akala mzee. Hivyo ndivyo walivyoheshimiana, na walikuwa wameheshimiana vizuri.

"Mwiko ni macho," Bi Kisa alisema. "Hatamwona."

"Na jina," Gwamaka akaongeza. "Hatalitaja."

"Na kuhisi je?" aliuliza Atuganile.

Waliouweka mwiko ule hawakufikiri kwamba itafika siku mtu atahisi nyonga ya mwenziwe. Bi Kisa alisema hapana, halafu akasema labda, halafu mzee akalia tena kule ndani, na Atuganile akanyoosha mkono avishwe mkanda.

Mzee akaambiwa maumivu yanakwenda sandukuni. Wangemwambia kweli, angeuchana ule mkanda kwa meno. Nesi Mwantumu alilitazama sanduku lile na taa yake, akasema, "Sheria inaniruhusu nisimtaje mbebaji. Haikusema tumdanganye kwa bati." Lakini mzee alikuwa ameshalala, mara ya kwanza kwa muda mrefu, mdomo wazi kama mtoto, na nesi naye akafunga kikoba chake.

* * *

Wageni wa kanisani walipoondoka, nesi alikuja kama ilivyokuwa kawaida yake kila wiki. Alipomaliza kwa mzee alizunguka nyuma ya jiko, akamkuta Atuganile anateka maji kwenye pipa.

"Unachechemea," alisema.

"Ni nyonga."

"Nyonga yako haina kitu, mwenzangu. Na mzee nimemwacha amezima gurudumu, maumivu yametulia, anakula."

Atuganile akasimama na kopo mkononi. Alijisikiliza. Kweli, palikuwa kimya. Lakini mguu ulikuwa umeshazoea kujivuta, na yeye hakujua ni lini maumivu yalikuwa yameondoka. Alikuwa anatembea nayo hali hayapo.

"Sikujua kama amezima," alisema.

Nesi akakaa kwenye gogo, akapiga palepale pembeni yake, maana yake kaa. "Mimi kila wiki nakuuliza kama unaendelea kwa hiari yako, na wewe kila wiki unaniambia ndiyo, nesi. Leo nataka kukuuliza vingine. Anayetaka ni wewe, au ni mkamwana?"

"Si mtu mmoja?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza."

Atuganile alifikiri mpaka kichwa kikamuuma, na hata hicho kichwa hakujua ni cha nani. Angekuwa mama yake mzazi, angejibu haraka. Angekuwa mtu baki, angejibu haraka pia. Lakini huyu alikuwa mtu aliyekuwa anamwogopa kwa heshima, na sasa alikuwa anamjua kwa ndani kuliko alivyomjua mumewe. Alijua mzee anapodanganya kwamba amelala. Alijua anapojigeuza kitandani upande gani unalalamika kwanza. Kulikuwa na mambo ya mwili ule ambayo hata Bi Kisa hakuyajua, na yeye aliyajua, na jina lake halitaji. Hiyo ni heshima au ni nini?

"Gwamaka anasemaje?" nesi akauliza. Gwamaka alikuwa anafanya kazi Kyela, anarudi Jumamosi.

"Anasema angebeba yeye, kibandiko kinamkataa tu. Halafu anakwenda kupasua kuni, hata kama kuni zipo."

"Nikikuvua mkanda leo hakuna atakayekulaumu."

"Na yeye atatulizwa na nini?"

"Na mofini kidogo. Na mkono wa mkewe."

"Basi atalia."

"Atalia, bibi wee. Sikufichi." Akainuka, akajifunga vizuri mtandio. "Nitarudi kesho. Nitakuuliza lile lile, na kesho sitaki ndiyo nesi. Nataka jibu."

Kirukio kikapaa. Atuganile akarudi kwenye kinu chake, maana karanga zilikuwa nusu na mboga ilikuwa inangoja.

* * *

Alitwanga. Maumivu yakaja, akaacha. Yakaondoka mara moja, akashika mchi. Hakuwa ametwanga mara tatu yakarudi, akaacha. Yakaondoka. Akangoja kidogo kwa hofu, akatwanga tena. Yakarudi.

Haikuwa kawaida. Siku zote yalikuja yakakaa. Leo yalikuwa yanaingia na kutoka kama mbuzi asiyejua zizi lake. Akadhani kibebeo kimeharibika. Akautingisha mkanda, akaupangusa unga wa karanga, ukaendelea vilevile. Akatwanga kwa nguvu ili amalize, yakamkamata mchi ukiwa juu, akaacha.

Halafu yakatoka yote, hata yale ya chini kabisa ambayo hayakuwa yanatoka, na kutoka ndani ya nyumba akasikia mzee ameguna. Guno likawa kilio. Kiti kikaanguka. Bi Kisa akasema, "Baba Gwamaka, umefanya nini? Zungusha mbele. Nipe mimi nizungushe."

"Usiliguse." Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka. "Nikizungusha mbele kinu kinanyamaza. Nikirudisha nyuma kinu kinalia. Nimefanya hivyo mpaka nimeona aibu, kama mtoto anayechezea swichi. Kinu hicho cha nani, Kisa?"

Bi Kisa akasikika anainua kiti kilichoanguka.

"Nakuuliza kinu cha nani."

"Unajua cha nani," Bi Kisa akasema.

Zikasikika pumzi za mzee. Aliposema tena, alisema kwa sauti ya chini. "Mmenivua nguo mbele ya mkamwana wangu."

Atuganile alikuwa na haki ya kukimbilia migombani. Ndivyo alivyolelewa, na miguu yake iliinuka kwenda. Lakini alibaki. Akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kusema nacho, maana kwa mzee hakuweza kusema. Kulikuwa na kuku mmoja mwenye kishungi, anadonoa vipande vya karanga chini ya kinu.

"Wewe kuku," alisema kwa sauti ya kufika ndani. "Mwenye nyumba hajavuliwa nguo. Hakuna aliyeona kitu."

Ndani kiganja kikapiga bati.

"Shemeji," alisema mzee, "kumbe hujala hata punje. Haya, nisaidie kwa jambo moja. Mwambie huyo anayesema na kuku kwamba kuona si kwa macho tu."

"Kuku, nami nimefikiri hivyo. Nafikiri hivyo kila siku. Sijui."

"Jamani, mimi nipo hapa katikati na nina masikio," Bi Kisa alisema. "Niambieni mimi." Hakuna aliyemjali.

"Shemeji, muulize panauma wapi."

"Kuku, panauma nyongani. Halafu chini ya goti kwa ndani. Hapo pakianza, mtu anakunja vidole vya mguu, anavikunja mpaka vinapiga ganzi, ili asipige kelele."

"Habari ya vidole sijamwambia mtu," alisema mzee, na safari hii hakusema na sanduku wala na mkewe. Akajikohoza. "Shemeji. Ile Jumapili niliyocheza ngoma, wajukuu wakapiga makofi. Nilizungusha mpaka mwisho."

Atuganile akamtazama kuku. Alitaka kusema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, wa adabu. Lakini mtu aliyekuwa analia kule ndani alikuwa analia kwa sababu ya uongo wa adabu.

"Kuku, siku ile ilikuwa mbaya," alisema.

Kule ndani mzee alilia. Hakikuwa kilio cha nyonga. Atuganile alikuwa anavijua vilio vyake, na hiki hakikuwa na mahali mwilini.

"Kisa," mzee alisema. "Nifungue mkanda huu."

"Sikufungui."

"Nifungue. Nitakufa na changu."

"Kuku," Atuganile alisema haraka, "mkanda usifunguliwe."

"Shemeji, muulize kwa nini. Ameogopa? Nani amemwamuru? Mwanangu amemwamuru?"

"Hakuna aliyeniamuru. Kuku, nesi ameniuliza hilo leo, nikashindwa. Sijui kama nataka mimi au ni kwa sababu nimeolewa hapa. Nikiyabeba naona nimevunja heshima. Nikiyaacha naona nimevunja kubwa zaidi. Sasa hivi nyonga yangu ni nzima kabisa, na nimesimama hapa nikisikia mtu anavyoumia kwa namna ninayoijua, na sioni kama nimepona." Akaishiwa na maneno. Kuku alikuwa ameshamaliza karanga, anamtazama kwa jicho moja.

Mzee alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, na katikati yake Atuganile alisikia wanasemezana na Bi Kisa kwa sauti za ndani, za mke na mume. Halafu mlango wa nyuma ukafunguka. Bi Kisa alitoka na sahani iliyofunikwa sahani nyingine, kama anavyopelekewa mtu chakula cha heshima. Akaiweka juu ya kinu, akafunua. Ndani mlikuwa na gurudumu, dogo kama kizibo cha chupa.

"Amesema uzungushe wewe," Bi Kisa alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Amesema mkono wake umeshindwa kazi hiyo."

"Mama, mimi nitajuaje kiasi?"

"Nami nimemwuliza hivyo. Amesema hata yeye alikuwa hajui."

Atuganile akafuta vidole kwenye kanga. Alizungusha kidogo sana, kama mtu anayeonja chumvi. Maumivu yakaja, lakini safari hii yalikuja akiwa anayatazamia, na alishangaa jinsi hilo lilivyoyabadilisha bila kuyapunguza. Ndani mzee akashusha pumzi. Akazungusha tena. Nyonga ikajaa, paja likajaa. Pumzi za kule ndani zikarefuka. Akaongeza, na goti likaanza, na vidole vyake vya mguu vikajikunja kwenye tope. Alikuwa anataka kuongeza tena.

"Shemeji, imetosha," mzee alisema.

"Kuku, kilichobaki ni kikubwa. Nakijua."

"Kilichobaki ni changu. Nimekaa nacho siku nyingi. Kikiondoka chote hata sijui ni nani aliyelala hapa." Akapumzika. "Na wewe Shemeji, mwambie asibishane na mkwewe."

Bi Kisa akacheka. Alicheka kidogo, akajifuta pua kwa kanga, akarudi ndani.

Mvua ikaanza tena, ile ya jioni ya kwetu, isiyo na haraka. Atuganile akaingiza kinu, akaingiza sahani, akakaa kwenye mkeka karibu na mafiga, mguu ameunyoosha. Kupitia ukutani alisikia mzee akiuliza kama mboga iko tayari, na kabla hajajibiwa alikuwa ameanza kukoroma. Bi Kisa akasema, "Nami nisinzie kidogo tu, mwanangu, halafu tupakue," na kiti chake kikalia, kisha hakikulia tena.

Akabaki yeye na gurudumu. Mtu aliyelala habishani. Angeweza kuzungusha sasa hivi, akachukua kile kilichobaki, mzee asijue, akalala usingizi wa kijana mpaka asubuhi. Ingekuwa huruma. Au ingekuwa sanduku lingine la bati. Angeweza pia kurudisha nyuma akapumzika yeye hata saa moja, na hilo nalo nani angemlaumu. Alijaribu kulijibu swali la nesi kwa sauti ndogo. Alisema, "Mimi." Akalisikiliza. Akasema, "Mkamwana." Yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalikuwa na kasoro mahali ambapo hakuweza kupaona. Kesho mwanamke yule wa Pangani angetua kwenye majani na kutaka jibu, na yeye angempa hilohilo, na kama halitoshi angemwambia akae asubiri naye.

Gurudumu akaliacha pale pale mzee aliposema imetosha. Akalifunika kwa sahani, akajivuta kwenye mkeka, akajilaza kwa ubavu wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na mwenyewe, akalala.